Watoto wa Johannesburg na lugha wasizofundishwa

Katika soko la Yeoville, kando ya Mtaa wa Rockey, mama mmoja kutoka Bukavu alikuwa anauza sombe, mafuta ya mawese na samaki aina ya sambaza wakavu. Alimtuma bintiye, mtoto wa miaka saba hivi, akachenji noti ya randi mia. Mtoto akarudi nayo vilevile, maana kila aliyemwendea hakuwa na chenji. Mama akamwambia arudi, ajaribu upande wa pili wa soko. Mtoto akageuka, akafyonza hewa kwa ubavu wa ulimi, nxa!, na mama akamsikia. "We mutoto, ni mie njo unafanyia vile?" Mtoto akasimama palepale. "Askies, mama," akasema, kisha akatoka mbio.

Hayo yote hayakuchukua hata dakika moja. Mama alisema Kiswahili cha Kivu, na mtoto akakielewa bila kukosa kitu. Hasira yake mtoto aliitoa kwa sauti ambayo kila Mzulu anaijua. Radhi aliiomba kwa neno lililotokana na Kiafrikaans, ambalo leo Johannesburg nzima hulitumia, mweusi kwa mweupe. Hakuna aliyewahi kumketisha mtoto huyo chini akamfundisha lolote kati ya hayo. Na wala hakuzaliwa nayo.

Ile sauti ya hasira sisi pia tunayo. Kuanzia Lamu hadi Kigoma mtoto anayemsonya mkubwa anajua kitakachomfuata. Ulimi hushikamana na kaakaa, hewa ikafyonzwa ndani, na aliyesonywa hahitaji maelezo. Lakini sisi tumeiweka sauti hiyo nje ya maneno. Ni ya dharau tu, haimo katika alfabeti. Wazulu na Waxhosa wameiingiza ndani ya maneno yenyewe. Wanaiandika kwa herufi x, na ndiyo inayosikika katika nxa ya kukasirika na vilevile katikati ya uxolo, neno la kuomba msamaha. Ziko nyingine mbili: c, ambayo ulimi huachia kwenye meno, na q, ambayo huachia juu kwenye kaakaa kwa mlio mkubwa. Wanaisimu wetu huziita vidoko. Kinywa cha mtoto wa Bukavu, cha Tanga na cha Soweto kimeumbwa namna moja, na vyote vinaweza kuvitoa. Kwamba kidoko kiwe tusi au kiwe konsonanti ni makubaliano ya watu, na mtoto huyakuta makubaliano hayo mahali anapokulia.

Kuna utafiti mmoja kuhusu vidoko vya Kizulu ambao ungestahili kujulikana zaidi. Mwaka 1988 Catherine Best wa Marekani na wenzake waliwasikilizisha Wamarekani vidoko hivyo. Walikuwamo watu wazima wasiokijua Kizulu, na watoto wa kati ya miezi sita na kumi na minne kutoka nyumba za Kiingereza. Wote, wakubwa kwa wadogo, walitofautisha kidoko kimoja na kingine. Matokeo hayo yalikuwa ya ajabu, kwa kuwa mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walikuwa wameonyesha kinyume chake kwa sauti nyingine. Watoto wa nyumba za Kiingereza wakiwa na miezi sita hadi minane walizipambanua konsonanti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuweza kuzipambanua, lakini walipokaribia kutimiza mwaka mmoja, wengi wao walikuwa wamekwisha kuupoteza uwezo huo. Maelezo ya Best ni haya: konsonanti za Kihindi zinakaribiana na za Kiingereza, kwa hiyo ubongo unaokua ndani ya Kiingereza huzikusanya kwenye makundi yake na kuacha kujali tofauti zake. Vidoko havikaribiani na chochote cha Kiingereza. Ubongo haukuwa na kundi la kuvitia, basi ukaviacha kama ulivyovipokea.

Kwa maneno mengine, mtoto huzaliwa na masikio yaliyo wazi kwa lugha zote za dunia, na mwaka wa kwanza wa maisha ni mwaka wa kuyaelekeza. Hata hiyo kauli ya "huzaliwa" inahitaji tahadhari. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 watafiti walirekodi vilio vya watoto wa siku chache huko Ujerumani na Ufaransa, wakakuta kwamba vilio vya watoto wa Kifaransa huelekea kupanda sauti mwishoni na vya Kijerumani huelekea kushuka, sawasawa na mwendo wa lugha za mama zao. Miezi ya mwisho tumboni mtoto huwa tayari anasikia. Kwa hiyo anayetafuta siku ambayo asili inaishia na malezi yanaanzia, asitegemee kuiona hata wodi ya wazazi.

Ngoma nazo zina mambo hayohayo. Watoto wa miezi mitano, kabla hawajasimama, hutikisa mwili wakisikia muziki kuliko wakisikia maneno matupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilithibitisha hilo. Amapiano ilipozaliwa katika vitongoji vya jimbo la Gauteng katika miaka ya 2010 na kufika Dar es Salaam, ilipokewa na miili iliyokwisha kuwa tayari kuitika. Lakini bega lishuke wapi na mguu utue lini, mtoto wa Tandika na mtoto wa Tembisa wote wawili wamefundishwa na macho yao, kwa kutazama wakubwa wao.

Turudi kwenye vidoko, kwa sababu historia yake inawagusa hata wasomaji wa Tanzania na Kenya. Lugha za Kibantu hazikuja kusini na vidoko. Wazulu na Waxhosa walivipata kwa Wakhoikhoi na Wasan waliowakuta huko na kuoana nao. Kwetu vinasikika kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kwa Wasandawe wa Mkoa wa Dodoma, na kwa Wadahalo wachache wa pwani ya Kenya. Swali ni vipi sauti ngumu namna hiyo ziliweza kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na wanaisimu kadhaa wanaona jibu liko kwenye adabu ya ndoa. Mke wa Kizulu au wa Kixhosa alikatazwa kutamka jina la baba mkwe wake, na hata silabi zinazofanana na jina hilo. Desturi hiyo inaitwa hlonipha, yaani heshima. Ikiwa jina la mzee lina silabi fulani, mke alilazimika kubadilisha kila neno lenye silabi hiyo, na njia rahisi ilikuwa kuingiza sauti ya kigeni mahali pake. Watoto waliwasikia mama zao wakisema hivyo, wakayachukua maneno kama walivyoyasikia. Wengi wetu tuna shangazi ambaye maisha yake yote hakulitaja jina la mumewe, akamwita Baba Fulani tu. Huko kusini heshima ya namna hiyo iliacha alama katika konsonanti za mataifa mazima.

Waswahili tuna methali mbili zinazopingana. Mtoto wa nyoka ni nyoka, inasema moja. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, inasema nyingine. Serikali ya makaburu iliichagua ile ya kwanza, ikaifanya sheria.

Aliyeitayarishia njia alikuwa Werner Eiselen, mtoto wa mmisionari, msomi wa lugha na mila za Kiafrika. Kuanzia mwaka 1949 aliongoza tume ya elimu ya Waafrika, na ripoti yake ikazaa Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953. Msingi wa fikra hiyo ulikuwa kwamba kila kabila lina roho yake, utamaduni wake na lugha yake, na kwamba vitu hivyo vitatu haviachani na mtu. Mzulu ni Mzulu hata akizaliwa katikati ya Johannesburg. Kwa hiyo asome Kizulu, akae na Wazulu, na mwishowe arudishwe kwa Wazulu.

Soweto ilipangwa kwa fikra hiyo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, mtu aliyepewa nyumba aliulizwa kabila lake kwanza. Zola, Zondi na Emdeni zilikuwa za wasemao Kizulu na jamaa zake. Naledi, Tladi na Moletsane zilikuwa za Wasotho. Chiawelo ilitengewa Wavenda na Watsonga. Shule ya msingi ilifuata kabila la mtaa, na lugha ya kufundishia ikafuata shule. Sophiatown, ambako watu wa kila namna walikuwa wakiishi mlango kwa mlango, ilianza kubomolewa tarehe 9 Februari 1955, na wakazi wake wakapakiwa kwenye malori kupelekwa Meadowlands, ambako nako waligawanywa kwa kabila.

Ukitembea leo kutoka Tladi kwenda Zola utashangaa jinsi mipaka hiyo ilivyokuwa myembamba. Ni barabara tu. Watoto waliivuka kufuata mpira, wakaivuka kwenda dukani, wakapanda treni moja kwenda mjini. Mtoto wa Kisotho aliyetaka kucheza na wa Zola alikuwa na Kizulu cha kutosha ndani ya miezi michache, na yule wa Zola vivyo hivyo kwa Kisotho. Serikali ilikuwa na mabuldoza, sheria na vitabu vya shule, na bado haikuweza kuzuia kazi ya watoto wanaocheza pamoja jioni. Leo mzaliwa wa Soweto anayesema lugha nne si mtu wa kutajwa gazetini. Kizulu chake kimejaa Kisotho, Kisotho chake kimejaa Kizulu, na mzee wa kijijini KwaZulu-Natal akimsikia hutikisa kichwa. Sioni hasara hapo. Watu waliotakiwa wawe makabila wamekuwa majirani.

Kuna jambo katika historia ya Soweto ambalo huelezwa nusu tu. Kila mtu anajua kwamba tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi waliandamana kupinga Kiafrikaans, kwamba polisi walipiga risasi, na kwamba picha aliyoipiga Sam Nzima ya Hector Pieterson, mtoto wa miaka kumi na miwili, akiwa amebebwa mikononi, ilizunguka dunia. Amri iliyowakasirisha ilitolewa mwaka 1974, nayo ilitaka hesabu na masomo ya jamii yafundishwe kwa Kiafrikaans. Lakini lugha ya vijana wa Sophiatown, ile tsotsitaal iliyosemwa na wahuni na waigaji wao tangu miaka ya 1940, mifupa yake ilikuwa Kiafrikaans. Vijana weusi waliichukua sarufi ya Kiafrikaans kwa hiari, wakaijaza maneno ya Kizulu, Kisotho na Kiingereza, wakaona fahari kuisema. Kiafrikaans hakikuwashinda kujifunza. Walichokataa ni kushurutishwa nacho darasani na watu waliowanyima kura. Soweto baadaye ilikuza lugha nyingine ya vijana, Iscamtho, ambayo mifupa yake ni Kizulu au Kisotho. Mkazi wa Eastlands ya Nairobi ataitambua hali hiyo mara moja. Sheng imejengwa juu ya sarufi ya Kiswahili kwa namna hiyohiyo, na hakuna wizara iliyoiidhinisha.

Johannesburg ina lugha nyingine ambayo haikukua, na sababu ya kutokukua kwake inafundisha mengi. Dhahabu ilipogunduliwa mwaka 1886, migodi ilivuta wanaume kutoka Msumbiji, Lesotho, Nyasaland na mbali zaidi. Wazee wa Tukuyu wanaikumbuka Wenela, kampuni ya kuandikisha vibarua iliyowachukua Wanyakyusa kwenda migodini mpaka Tanganyika ilipopata uhuru. Chini ya ardhi watu hao walielewana kwa Fanagalo, mchanganyiko wa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikaans. Mgeni alifundishwa kwa wiki chache: shika, sukuma, kimbia, hatari, wewe, hapa. Ilitosha kwa kazi na kwa amri. Zaidi ya karne imepita na Fanagalo imebaki lugha ya kuagiza na kuagizwa, isiyo lugha ya mama wa mtu yeyote.

Linganisha na Wanubi. Askari wa Emin Pasha kutoka Sudan, ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua mwaka 1891 kuingia nao Uganda, nao walikuwa na Kiarabu cha kambini, kilichokatwakatwa na kurahisishwa na watu wa makabila mengi wasio na lugha moja. Tofauti ni kwamba wao walitembea na wake na watoto. Watoto walikipokea Kiarabu hicho cha vipande kama lugha yao ya kwanza, wakakipa nyakati za vitenzi, viunganishi, mafumbo, utani na nyimbo za kubembeleza. Leo Kinubi ni lugha kamili, na Bombo nchini Uganda na Kibera jijini Nairobi kuna koo zilizozaliwa nayo kizazi baada ya kizazi. Migodi ya Johannesburg iliwafungia wanaume kwenye hosteli bila familia. Watu wazima wanaweza kuokota maneno na kuelewana. Kuyafanya maneno hayo yawe lugha, historia inaonyesha mara nyingi, ni kazi inayofanywa na watoto, tena wakiwa kundi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko kwa watoto wasiosikia. Zaidi ya tisa kati ya kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia, yaani wanazaliwa katika nyumba yenye lugha ambayo haiwafikii. Mtoto kama huyo hakai kimya. Hubuni ishara za nyumbani, huziweka kwa mpangilio, huuliza kwa mikono. Kilichotokea Nicaragua kinajulikana sana: shule za viziwi zilipofunguliwa Managua mwishoni mwa miaka ya 1970, walimu walijaribu kuwafundisha watoto kusoma midomo kwa Kihispania, wakashindwa, na huku uwanjani na kwenye mabasi watoto wenyewe walikuwa wanaunganisha ishara zao za nyumbani. Kundi la watoto wadogo waliofuata lilizichukua ishara hizo na kuzitia sarufi ambayo wakubwa wao hawakuwa nayo. Mwanaisimu Judy Kegl alipofika mwaka 1986 alikuta lugha mpya ikijengwa mbele ya macho yake.

Afrika Kusini ilikuwa na jaribio lake, la kikatili zaidi, ambalo wachache nje ya nchi hiyo wanalijua. Utawala wa makaburu uliwatenganisha viziwi kwa rangi, kisha ukawatenganisha viziwi weusi kwa kabila. Kulikuwa na shule ya viziwi Wazulu, shule ya viziwi Wasotho na Watswana, na kadhalika. Fikiria maana yake. Watoto ambao hawajawahi kusikia neno la Kizulu wala la Kisotho waliwekwa mbalimbali kwa misingi ya lugha walizokuwa hawazisikii, kwa kuwa serikali iliamini kwamba kabila limo ndani ya damu hata kama halijapita sikioni. Katika shule za Wazungu watoto walikatazwa ishara, wakalazimishwa kutamka. Shule za weusi ziliachiwa ishara, si kwa kuheshimiwa, na bwenini watoto wakazikuza usiku baada ya masomo.

Utawala huo ulipoanguka, wengi waliamini kwamba nchi ina lugha za alama nyingi, moja kwa kila kabila. Debra Aarons na Philemon Akach, ambaye pia ni miongoni mwa waliochunguza lugha ya alama ya Kenya, walirekodi viziwi wa jamii mbalimbali na kuzichambua ishara zao. Walikuta msamiati unatofautiana, wakati mwingine sana, kulingana na shule mtu aliyosoma. Lakini sarufi ilikuwa moja. Namna ya kuuliza, ya kukanusha, ya kuonyesha nani amemfanyia nini nani, ilikuwa ileile kwa kiziwi mweupe wa Cape Town na kiziwi mweusi wa Soweto. Ishara ya "mama" au ya "mkate" watoto walipeana bwenini, ndiyo maana kila bweni lina yake. Mifupa ya sarufi ilipita juu ya ua uliojengwa kuwatenganisha. Sehemu ya sababu ni kwamba viziwi walikutana mitaani na kazini bila kujali sheria, na sehemu ni kwamba mikono, macho na ubongo wa binadamu huelekea njia zinazofanana. Kwangu mimi hakuna ukurasa mwingine katika suala hili wenye uzito kama huo.

Ilichukua muda mrefu kwa dola kukubali. Mwaka 2009 mwanafunzi mmoja kiziwi wa Durban aliipeleka serikali mahakamani ili lugha ya alama iwe somo la mtihani wa mwisho wa sekondari. Watahiniwa wa kwanza walilifanya somo hilo mwaka 2018. Tarehe 19 Julai 2023 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini marekebisho ya katiba, na Lugha ya Alama ya Afrika Kusini ikawa lugha rasmi ya kumi na mbili. Katika hili Kenya ilitangulia: katiba yake ya mwaka 2010 iliipa lugha ya alama nafasi katika Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Sheria haimfikii mtoto wa miezi mitatu, na hapo ndipo penye hatari. Eric Lenneberg aliandika tangu mwaka 1967 kwamba uwezo wa kuzaliwa nao una majira yake, na tafiti za Rachel Mayberry kuhusu viziwi zimelipa wazo hilo uzito: aliyechelewa kupata lugha yoyote, ya mdomo au ya mikono, hubaki na upungufu wa sarufi hata akifundishwa miaka mingi baadaye. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho wenyeji hukiita Wits, kilianzisha mwaka 2006 mradi wa HI HOPES wa kuzifuata familia majumbani mara tu mtoto anapogundulika hasikii, ukiwatumia pia viziwi watu wazima ili mtoto akutane mapema na mtu mwenye lugha mikononi. Mama aliyekwisha kukata tamaa anaona mgeni kiziwi akimwuliza mwanawe swali, na mwanawe akikodoa macho kwa mikono ile. Kila hospitali kubwa ya Afrika Mashariki ingekuwa na mradi wa namna hiyo, tungeokoa akili nyingi zinazokauka kwa kukosa mtu wa kusema nazo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna mtoto anayezaliwa na njaa yake, nacho ni kusoma. Katika mtihani wa kimataifa wa PIRLS wa mwaka 2021, asilimia 81 ya watoto wa darasa la nne Afrika Kusini hawakuweza kusoma na kuelewa, na walipimwa kwa lugha zote kumi na moja za wakati huo. Wamo watoto wa Johannesburg wanaosema lugha tatu au nne na hawawezi kufuata hadithi iliyoandikwa kwa hata moja. Wanaowaita wajinga wanakosea sana. Lugha walizipata wenyewe, bila msaada, kwa nguvu waliyozaliwa nayo. Maandishi ni uvumbuzi wa watu wazima, wa miaka elfu tano hivi, na anayewanyima mwalimu na kitabu amewanyima kitu ambacho kipaji chao hakiwezi kukiziba.

Kuanzia mwaka 2025 Afrika Kusini imeanza kuendeleza lugha ya mama kama lugha ya kufundishia katika darasa la nne, sambamba na Kiingereza. Kuna wazazi wa Soweto wanaoitilia shaka hatua hiyo, na nawaelewa, kwa kuwa Eiselen naye alisifu lugha ya mama. Yeye aliitumia kujenga ua. Safari hii mtoto haambiwi akae upande gani wa barabara.

Yeoville hofu ni nyingine. Mwezi Mei mwaka 2008 ghasia dhidi ya wageni zilianza katika kitongoji cha Alexandra na kuenea. Watu 62 waliuawa. Makundi yaliwasimamisha watu na kuwauliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Asiyejua kusema indololwane alihesabiwa mgeni. Kati ya waliouawa, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Ilikuwa imani ileile ya Eiselen, safari hii mikononi mwa watu ambao fikra hiyo ilikuwa imewatesa wao na wazazi wao: kwamba lugha ni alama ya damu. Wazazi wengi wa Kikongo na wa Kitanzania walijifunza kutokana na siku hizo kunyamaza kwenye teksi. Kiswahili kikabaki cha nyumbani, cha kanisani na cha msikitini, na wengine wakaona heri watoto wakikose kabisa.

Wazazi hao husema, tena kwa uchungu, kwamba damu ni ya Kiswahili na siku moja itaamka yenyewe. Haitaamka. Mtoto anayesikia Kiswahili kwa mama tu, jioni, mama akiwa amechoka, atakielewa na kujibu kwa lugha ya rafiki zake, kisha wanawe hawatakielewa kabisa. Anachohitaji ni watoto wenzake wa kucheza nao kwa Kiswahili, bibi wa kumpigia simu kila wiki, na ndugu yake mkubwa asiyemcheka akikosea. Johannesburg watoto hao wapo, tena mtaa mmoja. Mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari mashuleni kuanzia mwaka 2020, habari iliyopokelewa kwa vigelegele Dar es Salaam na Nairobi. Lakini mama wa Yeoville anapojaza fomu ya kumwandikisha mtoto darasa la kwanza, akifika penye lugha ya nyumbani, hakioni Kiswahili kati ya zile kumi na mbili, na wengi wao hujaza Kiingereza, lugha ambayo hawajawahi kuizungumza na watoto wao mezani.